Kwenda Barolo, kijiji cha waini kule Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakaa Torino miaka mingi sasa, na kila mgeni wangu akitua kutoka Dar au Nairobi, baada ya siku mbili za kupiga picha mjini lazima aulize, "eti kile kijiji cha waini ni mbali?" Nimejibu haya maswali kwenye WhatsApp mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Soma unalolihitaji. Pengine nitakurusha kwenye namba ya swali lingine, usinune, sitaki kurudia kitu kilekile mara tatu.

## Ya mwanzo kabisa

1. Barolo ni kijiji au ni waini?

Vyote viwili. Kijiji kilitangulia, waini ikaja kuchukua jina lake. Kiko kwenye vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, na wakazi wake ni kama 700 tu, yaani mtaa mmoja wa Manzese unawameza wote na nafasi inabaki.

Ila waini inayoitwa Barolo hailimwi hapo tu. Sheria inataja vijiji 11, na vitatu ndivyo viko ndani ya eneo vizima vizima: Barolo wenyewe, Castiglione Falletto na Serralunga d'Alba. Vingine kama La Morra, Monforte, Novello na Verduno vimo kwa sehemu. Kwa hiyo chupa ikiandikwa Barolo haimaanishi imetoka Barolo kijijini, inaweza kuwa ya jirani, na jirani atakwambia ya kwake ndiyo bora.

2. Siku moja inatosha?

Kwa kijiji chenyewe inatosha na chenji inabaki. Ukitembea kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho ni dakika kumi, labda kumi na tano kama una mtu wa kusimama kila duka. Kuna kasri lenye makumbusho ya waini (swali la 7), kuna makumbusho madogo ya opena za chupa, ndiyo, opena, ziko kama 500, nyingine za pembe, nyingine za miaka ya zamani kweli na zingine nashindwa hata kueleza zimechongwa umbo gani, mpeleke shangazi uone atakavyocheka. Kuna kanisa, maduka ya waini, migahawa, basi.

Lakini mi nashauri ulale usiku mmoja. Wageni wanaokuja na mabasi ya asubuhi wakishaondoka saa kumi na moja jioni kijiji kinarudi kwa wenyewe, wazee wanatoka kukaa kwenye benchi, trekta linapita limebeba makreti, na unaanza kuelewa kwamba hapa ni shambani, hizi picha za kifahari za kwenye Instagramu zimekuja juzi tu.

3. Niende mwezi gani?

Septemba mwishoni mpaka Oktoba ndio mavuno ya Nebbiolo, hiyo ndiyo zabibu pekee inayotengeneza Barolo, na ndio kipindi kizuri zaidi na chenye watu wengi zaidi na bei imechangamka zaidi. Majani ya mizabibu yanageuka manjano na mekundu, asubuhi ukungu unajaa mabondeni vilele vya vilima vinabaki vinaelea kama visiwa. Wengi wanasema hata jina Nebbiolo limetokana na nebbia, yaani ukungu.

Mei na Juni ni pa kijani, hewa nzuri, foleni hamna, mi ndio napapenda. Agosti epuka kidogo, joto kali na karibu na tarehe 15 Waitalia wenyewe wako likizo, unakuta kibao "chiuso", yaani pamefungwa, mlangoni. Januari na Februari sehemu nyingi zinafungwa, hata makumbusho ya kasri huwa na mapumziko ya kipindi hicho, kwa hiyo cheki tarehe kabla hujakata tiketi.

4. Visa inakuwaje kwa Mtanzania au Mkenya?

Ni Schengen ya kawaida ya muda mfupi, siku 90 ndani ya 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15, utaumia. Barolo haina chochote maalumu kwenye visa, andika tu hoteli yako ya kweli. Wanaouliza kuhusu visa ya kuja kuvuna zabibu waende swali la 21.

## Kufika

5. Sina gari, nafikaje?

Kutoka Torino unapanda treni mpaka Alba kupitia Bra, ni saa moja na kitu hivi. Alba ndio mji mkubwa wa huko, na kutoka hapo Barolo ni kama kilomita 15. Kijiji hakina stesheni. Yapo mabasi, ila ni machache, na Jumapili ni kama hayapo.

Sasa sikiliza kisa changu usirudie. Mara ya kwanza nilienda Jumamosi, basi la kwenda nikalipata vizuri, ratiba ya kurudi nilikuwa nimeipiga picha kwenye simu. Nimekaa kituoni jioni, giza likaingia, baridi ikaingia, basi hakuna. Akapita mama mmoja na mbwa wake akaangalia picha yangu akaniwekea kidole kwenye neno dogo pembeni: "scolastico". Maana yake basi hilo linatembea siku za shule tu. Teksi ikaitwa kutoka Alba, ikanila hela ya chakula cha wiki. Tangu siku hiyo hilo neno nalijua kuliko mistari ya Dante, yule mshairi wao.

Kama mko watatu au wanne, kuchanga teksi ya kwenda na kurudi kutoka Alba inalipa. Kama miguu unayo, lala Barolo na utembee vijiji vya jirani kwa njia za mashambani, mfano Barolo mpaka La Morra ni kama saa moja na nusu mpaka mbili, unapanda kutoka mita 300 hivi mpaka zaidi ya 500, na ukifika juu kwenye uwanja wa kijiji unaona vilima vyote mbele yako, na siku isiyo na ukungu milima ya Alpi yenye theluji nyuma yake.

6. Nikikodi gari je?

Ndio uhuru wenyewe, ila kuna mambo. Beba leseni ya kimataifa pamoja na ya kwako. Usiingie penye kibao cha ZTL, hizo ni njia za wenye kibali, kamera inakupiga picha kimya kimya na faini inakufuata miezi baadaye kupitia kampuni ya magari, mjomba wangu ilimkuta ameshasahau hata kama aliwahi kuja Italia.

La pili ni pombe. Kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kama leseni yako haijafikisha miaka mitatu ni sifuri kabisa. Sehemu za kuonja huwa kuna ndoo ya kutemea, tema, hakuna atakayekucheka, hata wataalamu wanatema. Au chagueni dereva mmoja asiyekunywa na mumnunulie chakula kizuri (swali la 14).

## Historia

7. Lile kasri ni la nani, na ndani kuna nini?

Ukifika unaliona, limekaa katikati ya kijiji kama kuku amewalalia vifaranga. Mwanzo wake ni karne ya 10, ngome ya kujikinga na wavamizi Wahungaria na Wasaraseni. Karne ya 13 likaingia mikononi mwa familia ya Falletti, mabwana wa huko kwa miaka karibu 600. Mwaka 1544 liliharibiwa vitani likajengwa upya. Ukoo ulipokosa mrithi (swali la 8) likawa chini ya taasisi ya hisani, likawa shule ya bweni, na mwaka 1970 halmashauri ya kijiji ikalinunua. Yaani sasa hivi ni mali ya wanakijiji.

Ndani kuna makumbusho ya waini yanayoitwa WiMu, yalifunguliwa 2010, yamebuniwa na François Confino, ndiye aliyepanga pia yale makumbusho ya sinema ya Torino ndani ya lile jengo la mnara, Mole Antonelliana. Yeye hakuweka chupa na vibao vya maelezo tu. Unaanza ghorofa ya juu, kwenye jua na mwezi na majira, unashuka kwenye historia na jikoni na sanaa, taa na sauti zimejaa, na mwisho wa ngazi unajikuta chini kabisa kwenye stoo za zamani ambazo sasa ni Enoteca Regionale, duka la waini za Barolo za wazalishaji wengi. Kuna watu wanaona ni utoto. Mi naona ni ujanja mzuri, unafika kwenye chupa ukiwa na kiu. Usipite haraka vyumba vya familia, na maktaba iliyopangwa na Silvio Pellico.

8. Huyo Giulia kila mtu anamtaja ni nani?

Juliette Colbert, Mfaransa, alizaliwa 1786, akaolewa na Carlo Tancredi Falletti, markizi, yaani bwana mwenye cheo, wa mwisho wa Barolo, Waitalia wakamwita Giulia. Hawakujaliwa mtoto. Kila simulizi ya waini ya Barolo inaanza na yeye, kwa sababu ni kipindi chake na cha Cavour, mwanasiasa aliyeiunganisha Italia na ambaye alikuwa meya wa Grinzane hapo jirani miaka 17, ndipo Nebbiolo ya huku ilipoacha kuwa kinywaji kitamu chenye mapovu ikawa waini kavu ya kuhifadhika. Thomas Jefferson aliionja Torino mwaka 1787 akaielezea hivyo hivyo, tamu kidogo na inachemka kama shampeni. Nani hasa alikuwa fundi wa mabadiliko, Mfaransa Louis Oudart au jenerali Staglieno, wanahistoria bado wanavutana, wewe waache. Kisa cha Giulia kumpelekea mfalme Carlo Alberto mikokoteni 325 ya mapipa utakisikia kila mahali, kichukue kama hadithi ya babu.

Kwangu mimi kubwa zaidi ni kazi yake ya magereza. Aliingia jela za wanawake Torino wakati wanawake wale walikuwa wanaishi kama wanyama, akafundisha kusoma, akapigania chakula na nguo, mwaka 1821 akapewa usimamizi wa jela ya wanawake. Na Silvio Pellico, mwandishi aliyefungwa na Waaustria miaka kumi kwa siasa, alipotoka hakuwa na pa kushika, Giulia na mumewe wakampa kazi ya ukutubi. Tancredi alikufa 1838, Giulia 1864, na mali yote ikaenda kwenye taasisi aliyoiacha kwa ajili ya maskini. Kanisa Katoliki limewapa wote wawili cheo cha Mtumishi Mheshimiwa wa Mungu.

9. Kwa hiyo hawa watu ni matajiri tangu enzi?

Hapana, na hapa ndipo wageni wengi wanapoteza picha. Mabwana walikuwa matajiri, wakulima walikuwa wanakula polenta, ugali wao wa mahindi, na kitunguu. Hata baada ya vita ya pili Langhe ilikuwa sehemu ya kukimbiwa. Kiwanda cha Ferrero kilichoanza Alba 1946, hao wa Nutella, kilikuwa kinatuma mabasi vilimani kuchukua wafanyakazi, na watu walilala kijijini wakafanya kazi mjini, ndio maana vijiji havikufa kabisa. Waini ya Barolo ilipata daraja la ubora la DOC 1966 na DOCG, daraja la juu kabisa, mwaka 1980, lakini hela yenyewe imeingia miongo hii ya karibuni. UNESCO imeliandikisha eneo kuwa urithi wa dunia 2014. Mzee wa miaka 80 unayemkuta amevaa suruali iliyochakaa anakata matawi, shamba lake leo hekta moja inaweza kupita euro milioni moja, na babake aliwahi kutamani kuliuza akanunue ng'ombe.

## Waini yenyewe

10. Kwa nini ghali hivyo?

Kwanza muda. Baada ya mavuno lazima ikae miezi 38, ndani yake 18 kwenye pipa la mbao, ile ya Riserva, inayohifadhiwa zaidi, ni 62. Zabibu zilizovunwa 2021 zimeruhusiwa kuuzwa kama Barolo Januari 2025. Fikiria unalipa vibarua leo, hela unaiona baada ya miaka mitatu na kitu. Pili, Nebbiolo ni mvivu na mdeko, inachipua mapema inaiva mwisho, mvua ya mawe ikipita Agosti kazi ya mwaka imeenda, na udongo inaoutaka ni ule wa vilima vinavyotazama jua. Tatu, sheria inabana mavuno, tani 8 tu kwa hekta. Nne, jina. Hapo kwenye jina unalipa pia, tusidanganyane.

Chupa ya Barolo kijijini inaanzia euro 30 na kitu, inapanda mpaka kichaa.

11. Ladha yake ikoje? Mimi nimezoea waini tamu.

Basi jiandae kupigwa ngumi. Rangi kwanza inakudanganya, ni nyekundu iliyofifia, ukishika glasi juu ya karatasi nyeupe unaona mpaka maandishi, unasema hii ni nyepesi kama juisi ya rozela. Unanusa, inakuja harufu ya maua ya waridi na nyuma yake lami, ndiyo, lami ya barabara. Alafu unakunywa na ulimi unakaza kama umetafuna bibo, lile tunda la mkorosho tulilokuwa tunaokota njiani tukitoka shule, mdomo wote unakauka. Ukiinywa peke yake kwenye kiti cha plastiki saa tano asubuhi utaichukia. Ikija na nyama iliyochemshwa taratibu inabadilika, ule ukali unapata kazi ya kufanya.

Kama unataka kuingia taratibu anza na Dolcetto au Barbera, waini nyingine nyekundu za wakulima walewale, bei ndogo. Na uonje Barolo Chinato, hiyo ni Barolo iliyotiwa magome ya kwinini na viungo, aliibuni mfamasia mmoja wa Serralunga karne ya 19 kama dawa. Tamu chungu, na kwa sisi tuliokuzwa kwa malaria ukiinusa tu unakumbuka kitanda cha dispensari.

12. Kuonja kwa mkulima kunaendaje? Naingia tu?

Usiingie tu. Hizi cantina, yaani sehemu za kutengenezea waini, nyingi ni nyumba za familia, anayekuonjesha ndiye aliyekuwa shambani asubuhi. Andika barua pepe wiki moja au mbili kabla, Oktoba andika mapema zaidi, sema mko wangapi na lugha gani. Kuonja kunalipiwa, mara nyingi euro 20 mpaka 40 kwa mtu, na ukinunua chupa kadhaa wengine wanakusamehe. Mbili kwa siku zinatosha, tatu ni ubishi.

Mara moja tulimkuta mama wa nyumbani ndiye anatuonjesha, ana udongo bado kwenye kucha, akachukua ramani ya mashamba akaikunja ukingoni mwa meza ili kutuonyesha mlima unavyoinama, akasema upande huu zabibu zinaona jua mpaka jioni, upande huu saa nane limeshaondoka, kisha akatumiminia mbili, moja ya kila upande. Mashamba yenye majina yanayoruhusiwa kwenye lebo yaliorodheshwa rasmi 2010, na maarufu kuliko yote pale Barolo ni Cannubi, kilima cha mbele ya kijiji tu. Kuna chupa ya mwaka 1752 imetunzwa Bra imeandikwa Cannubi, yaani kilima kilikuwa na jina kwenye chupa kabla ya kijiji.

Kama hutaki miadi, Enoteca Regionale ya kasrini inauza kwa glasi.

13. Ninunue chupa gani na nibebeje nyumbani?

Ukiwa na hela kidogo nunua Langhe Nebbiolo ya mkulima uliyempenda, ni zabibu ileile, mara nyingi ya mashamba yaleyale, haijakaa muda mrefu, bei inaweza kuwa nusu. Zawadi kwa bosi, hapo ndipo Barolo. Ya mwaka wa karibuni usiifungue leo, iache kabatini miaka mitano, isilale karibu na jiko.

Chupa zinaenda kwenye begi la chini ya ndege, mkononi usitegemee zitapita. Zifunge soksi, katikati ya nguo. Forodha wana kiwango chao kisicholipiwa ushuru, kiulizie kabla, chupa mbili hazijawahi kunitia matatani.

## Kula na kulala

14. Chakula gani nisikose?

Tajarin, tambi nyembamba za mayai, wengine wanaweka mpaka viini 30 kwa kilo ya unga, rangi yake ni kama papai bivu. Agnolotti del plin, vimifuko vidogo vya unga vimejazwa nyama, vimefinywa kwa vidole, plin maana yake ni huko kufinya. Vitello tonnato, nyama baridi ya ndama na mchuzi wa jodari, inasikika vibaya ila jaribu. Brasato al Barolo, nyama ya ng'ombe iliyolala kwenye waini na kupikwa taratibu mpaka inakatika kwa uma. Msimu wa baridi kuna bagna cauda, mchuzi wa moto wa kitunguu saumu, mafuta na dagaa wa chumvi, unachovya mboga. Dagaa huku milimani wamefuata nini? Walikuja na wafanyabiashara wa chumvi kutoka pwani ya Liguria, zamani hizo. Ukila hiyo usipange mkutano kesho yake.

Saa za kula zina adabu yake: mchana kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane, jioni kuanzia saa moja na nusu. Ukifika saa tisa una njaa, utakula biskuti. Wikiendi weka nafasi. Kwenye bili utaona "coperto", euro mbili tatu za meza na mkate, siyo wizi.

15. Na ule uyoga wa bei mbaya?

Tartufo bianco, unaota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti, unachimbwa kuanzia Oktoba mpaka majira ya baridi. Wanautafuta na mbwa, mara nyingi usiku, na mtafutaji wanamwita trifolao. Alba ina maonyesho yake kila vuli. Hotelini wanakuja na mizani, wanaupima, wanakukwangulia juu ya tajarin, wanaupima tena, unalipa gramu zilizopungua. Kwa hiyo mkono wa mhudumu ukiwa unaenda wewe sema "basta", yaani imetosha, mapema. Shemeji yangu alikaa kimya kwa aibu, bili ikaja akaongea.

16. Nilale wapi?

Tafuta agriturismo, yaani nyumba ya mkulima yenye vyumba, nje kidogo ya kijiji. Ndani ya kijiji ni vichache vinaisha haraka. Alba kuna vingi na kuna treni. Kuna kodi ndogo ya utalii kwa kila usiku, inalipwa hapohapo.

## Maswali ya pembeni

17. Mimi Mwislamu, sinywi. Kuna maana ya kwenda?

Ipo, nimewapeleka wazazi wa rafiki yangu kutoka Tanga na walifurahi kuliko sisi. Kasri, njia za mashambani, na ile Cappella delle Brunate kule La Morra, kikanisa cha 1914 ambacho hakikuwahi kuwekwa wakfu, wenye shamba wakawapa wasanii Sol LeWitt na David Tremlett wakakipaka rangi 1999, nje kimekuwa kama boksi la pipi katikati ya mizabibu.

Kwenye chakula ndio uwe macho. Brasato ina waini, bonet, yaani pudini ya kakao, mara nyingi ina ramu, na plin mara nyingi ndani kuna nguruwe. Nyama za huko siyo halali. Chukua tajarin na siagi na majani ya salvia, uliza "senza carne", yaani bila nyama, mboga, mayai, jibini. Torino bucha za halali zipo nyingi, hasa mitaa ya Porta Palazzo.

18. Watoto na wazee je?

Kijiji kina miinuko na mawe, viatu vya visigino achana navyo. Watoto wanapenda makumbusho ya kasri kwa sababu ya taa, na yale mabenchi makubwa yaliyotapakaa vilimani, mtu mzima akikaa miguu inaning'inia kama mtoto. Wazo la Chris Bangle, yule mbunifu wa magari aliyekuwa BMW, aliweka la kwanza kwake Clavesana 2010.

19. Nitatazamwa kwa sababu ni mweusi?

Kidogo, hasa na wazee, na mara nyingi ni udadisi. Watu wa Piemonte hawachangamki haraka hata kwa Waitalia wenzao, usichukue ukimya kama chuki. Lakini imewahi kunitokea, kuingia duka moja nikaulizwa kama natafuta kazi kabla ya salamu. Nilisema hapana, natafuta Barbera. Sababu ya lile swali utaiona namba 21.

20. Kiitaliano sijui hata neno.

Una bahati ya kuwa Mswahili, irabu zao ni zetu, unasoma kama ilivyoandikwa. Kumbuka tu "ci" inasomwa chi na "chi" inasomwa ki. Ingia na "buongiorno", omba na "per favore", ukiingia ndani kwa mtu sema "permesso", ndiyo hodi yao. Kabla ya kunywa "salute".

21. Naweza kuja kuvuna zabibu nikapata hela ya nauli?

Kwa visa ya utalii hapana, hata siku moja. Kazi ya msimu ina kibali chake kinachotolewa kwa idadi maalumu kila mwaka, na mwajiri ndiye anayeanza kuomba akiwa Italia. Mtu akikutumia meseji anauza "mkataba wa kuvuna Barolo", ni tapeli.

Na ujue hali ilivyo. Mikono inayovuna hiyo waini ya bei mbaya ni ya wageni wengi, Wamasedonia, Waalbania, Waafrika Magharibi, na wapo wanaolipwa vibaya kupitia madalali, kitu wanachokiita caporalato, ambacho ni kosa la jinai na sheria yake ilikazwa 2016. Kesi zimefika polisi huko huko Langhe mwaka 2024. Wakulima waaminifu wapo wengi na wanachukia hiyo sifa. Mi nikionja huwa nauliza tu, "nani anawavunia?" Wengine wanakujibu kwa majina ya watu, wengine wanabadilisha mada, na mi nanunua kwa wale wa kwanza.

22. Nikirudi Torino, kuna kitu kinachoendana na hii safari?

Palazzo Barolo, mtaa wa via delle Orfane, nyumba ya mjini ya Giulia na Tancredi. Silvio Pellico alifia humo 1854. Ukitoka hapo tembea dakika chache tu mpaka Santuario della Consolata. Hapo ndipo alipokuwa mkuu padri Giuseppe Allamano, aliyeanzisha wamisionari wa Consolata 1901, mwaka uliofuata wakawa Kenya, baadaye Iringa. Ametangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Mama yangu alisomeshwa na masista wa Consolata, nilipompeleka alikaa kwenye benchi la nyuma nusu saa nzima, kasri la Barolo akawa ameshalisahau.